Dalia zako zimebanana: weka bomba chini, chukua jembe

Leo sitaanza kwa upole. Naomba radhi mapema kwa wauzaji wa maduka ya pembejeo na kwa maafisa ugani wenzangu, kwa sababu ninyi ndio ninaowasema, na mimi mwenyewe nimo.

Kila mwaka masika yakiisha, simu yangu hujaa picha za majani meupe. Mtu anatuma picha moja, imepigwa jioni, nusu yake ni kidole, halafu anaandika: "Bwana shamba, nipige dawa gani?" Haulizi mmea una nini wala haulizi amekosea wapi. Neno dawa limeshatangulia mdomoni. Na sisi tunaoulizwa tunajibu hivyo hivyo, tunataja jina la dawa, tunaongeza "vizibo viwili kwa bomba", tunafunga simu. Imechukua dakika moja na kila mtu ameridhika isipokuwa mmea.

Picha nyingi zinazokuja kipindi hiki ni za dalia. Sisemi ile dalia ya manjano wanayopakwa maharusi wa pwani. Nasema ua refu lenye viazi chini ya ardhi, linalotoa maua makubwa mekundu, ya njano, meupe au ya zambarau, ambalo huku nyanda za juu utalikuta mbele ya nyumba nyingi, iwe Lushoto, Arusha, Njombe au Mbeya. Asili yake ni milima ya Mexico, na huko lilitangazwa kuwa ua la taifa mwaka 1963. Ndiyo maana linapenda baridi yetu ya usiku na jua letu la mchana. Wa Dar es Salaam wanaoniomba mbegu wanisamehe, joto la usiku la huko litawasumbua.

Ninachosema leo ni hiki: dalia nyingi zinazopigwa dawa ya ukungu katika bustani zetu hazikuhitaji dawa. Zilihitaji kung'olewa, kugawanywa na kupandwa kwa nafasi. Tumewafundisha watu kushika bomba kabla hatujawafundisha kushika jembe, na gharama yake wanalipa wenye bustani, na wakati mwingine watoto wao.

Nianze na kisa. Mwaka jana nilimtembelea mwalimu mstaafu mmoja katika kata yangu. Nilikwenda kwa ajili ya parachichi zake, lakini mlangoni nikakutana na dalia zilizopakwa weupe kama zimemwagiwa unga wa sembe. Nikamwamkia, shikamoo Mwalimu, akaitikia na hapo hapo akaanza kunilaumu: "Dawa zenu hizi mwanangu ni feki." Alikuwa amepiga kila Jumamosi kwa miezi miwili. Nikaomba kuona pakiti. Ilikuwa mankozebu iliyochanganywa na metalaksili.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Ile dawa haikuwa feki. Ni dawa ya bakajani, yaani ile bakajani inayounguza nyanya na viazi mviringo. Metalaksili haiwagusi kabisa fangasi wa ubwiri unga, na mankozebu nguvu yake kwao ni ndogo. Mwalimu alikuwa anatibu malaria kwa dawa ya minyoo, kila Jumamosi, kwa pesa ya pensheni. Dukani aliambiwa: "Hii inaua ukungu wote." Aliyemwambia hakuwa ameliona hata jani moja.

Lakini pesa ndiyo ilikuwa tatizo dogo. Hatua mbili kutoka kwenye zile dalia kulikuwa na tuta la mchicha na mnafu, na wajukuu walikuwa wanachuma hapo mboga ya jioni. Bomba lilipokuwa linafuka upepo haukuuliza hili ni ua na ile ni mboga. Kinga ya Mwalimu ilikuwa kanga aliyojifunga puani. Mankozebu hiyo hiyo, Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha mwaka 2020, na moja ya sababu ni madhara yake kwa uzazi. Mimi sisemi mkulima wa nyanya aitupe kesho, hilo ni suala la siku nyingine. Nasema haina kazi yoyote mbele ya mlango wa nyumba, juu ya ua ambalo haliwezi kuliponya, kando ya mboga ya watoto.

Nikamwomba Mwalimu aniazime jembe. Akashangaa, alidhani nitamwandikia dawa nyingine. Nikainama nikahesabu: mashina 27 yametoka kwenye sehemu isiyozidi mdomo wa karai. Nikamuuliza kichaka hiki kilipandwa lini. Akasema mwaka aliozaliwa mjukuu wake wa kwanza. Mjukuu yuko darasa la tano. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukifukua.

Ndugu msomaji, dalia ni ua la kudumu, na neno kudumu ndilo linalotudanganya. Tunadhani maana yake ni kupanda mara moja na kusahau. Dalia kila mwaka inaongeza viazi na kila kiazi chenye jicho kinatoa shina. Mwaka wa kwanza una mashina matatu, wa pili una nane, na kadiri miaka inavyokwenda unabaki na msitu. Katikati ya msitu huo jua haliingii, upepo haupiti, na unyevunyevu wa usiku unabaki humo hadi saa tano asubuhi. Hapo ndipo ubwiri unga unapojenga nyumba.

Huyu fangasi ana tabia yake, na wengi wetu tunaifundisha vibaya. Utasikia hata afisa ugani akisema ubwiri unga unaletwa na maji juu ya majani. Si kweli. Fangasi wengi wanahitaji jani lililolowa ili waote, lakini ubwiri unga hauhitaji, na mvua kubwa kwa kweli inausumbua. Unachopenda ni mchana mkavu wa vuguvugu, usiku wa baridi wenye hewa nzito, kivuli, na majani laini yaliyobanana. Soma tena sentensi hiyo halafu fikiria mwezi Juni huku kwetu, mvua imekata, mchana jua, usiku ukungu umeshuka hadi dirishani. Ndiyo maana picha zote zinakuja kipindi kimoja. Unaanzia kwenye majani ya chini, yale ya zamani yaliyo kivulini, kama madoadoa meupe ambayo ukisugua kwa kidole yanafutika. Ukiona jani lina mabaka ya njano juu na manyoya ya kijivu chini, huo ni ubwiri vinyoya, ni jambo jingine. Ukiona limekauka rangi ya kahawia kuanzia pembeni, usiniletee hadithi ya ukungu, angalia kwanza kama mmea umekunywa maji.

Kingine ambacho watu hawakijui: ubwiri unga wa waridi si ule wa maboga, na ule wa mikorosho si ule wa dalia. Kila kundi la mimea lina fangasi wake, ingawa kwa macho wote ni unga mweupe. Kwa hiyo usiung'oe mboga wa maboga wa jirani ukidhani ndiye adui yako.

Na kwa kuwa nimetaja mikorosho, kuna wanaonijibu kwa mfano huo. Wananiambia, bwana shamba, Mtwara na Lindi wanapiga salfa kila msimu, kwa nini sisi tusipige? Ni kweli. Ubwiri unga ni moja ya sababu zilizouangusha uzalishaji wa korosho nchini, kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Pale salfa ina hesabu yake, maana korosho ni ada ya shule na bati la nyumba, na mkorosho huwezi kuufukua ukaugawanya kwa kisu. Lakini hata huko wataalamu hawakuishia kwenye salfa. Walisisitiza kupogoa na kupunguza miti iliyobanana, na walitafuta miche inayostahimili. Kama mwenye mikorosho anaambiwa apanue nafasi, wewe mwenye vichaka vinne vya maua una kisingizio gani?

Wenzetu wa nchi za baridi wana ua linaloitwa floksi ndefu. Asili yake ni mashariki mwa Marekani, linafika kimo cha kifua, linanukia vizuri, na kwa ubwiri unga ni ndugu wa dalia kabisa. Msiagize mbegu zake kwenye intaneti, linahitaji majira ya baridi kali ili lipumzike na mbegu zake zinahitaji baridi ili ziote. Nalitaja kwa sababu moja tu. Wakulima wa bustani wa huko, wenye kila dawa inayouzwa duniani, ukiwauliza floksi inatunzwaje watakuambia: acha nafasi ya sentimita 45 hadi 60, punguza machipukizi yabaki manne hadi sita kwa kila kichaka, mwagilia chini, gawanya kila baada ya miaka mitatu au minne, chagua aina inayostahimili. Bomba linakuja mwisho, kama linakuja. Sisi tumechukua bomba lao tukaacha kazi yao.

Sasa tufanye kazi. Kaskazini, masika yakiisha, na Nyanda za Juu Kusini kuanzia Mei, acha kumwagilia dalia zako. Mashina yataanza kunyauka yenyewe. Kata yote yabaki na kimo cha sentimita 10 hadi 15, ubebe majani yote yenye unga mweupe uyafukie au uyachome, usiyaache yamelala kwenye tuta. Subiri wiki moja au mbili. Subira hii ina maana, kwa sababu macho ya viazi yatavimba na utayaona. Kisha chimba kwa uma au jembe, mbali na shina kama sentimita 30, ukizunguka pande zote kabla ya kuinua. Ukivuta kwa shina unavunja shingo za viazi, na kiazi kilichovunjika shingo hakina thamani.

Hapa kuna kosa linalowaumiza hata wenye bidii. Watu wanakata dalia kama viazi mviringo. Kiazi mviringo kina macho mwili mzima, dalia haina. Jicho la dalia liko juu tu, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani. Kwa hiyo kila kipande unachokata lazima kiwe na kiazi, shingo nzima, na kipande kidogo cha shina la zamani chenye jicho. Kiazi kinene kizuri kisicho na jicho kitakaa ardhini mwaka mzima bila kuchipua na wewe utasema mbegu ilikuwa mbovu. Kiazi chembamba kama kidole chenye jicho kitakupa mmea mzima. Tumia kisu kikali, na kati ya kichaka na kichaka kichovye kwenye maji yenye klorini ya kufulia, kwa sababu kuna ugonjwa wa virusi.

Huo wa virusi niuseme kidogo, kwa kuwa ndiyo ugonjwa wa dalia ambao kweli hauna dawa. Utaona majani yana michoro ya njano au kijani hafifu kando ya mishipa, mmea umedumaa, maua madogo. Unasambazwa na vidukari, na unasambazwa na sisi tunaopeana viazi kwa ukarimu. Kichaka cha namna hiyo usikigawanye, usimpe shemeji, usimuuzie mtu. Ng'oa, choma. Inauma lakini hakuna njia nyingine.

Vipande vizuri viache kivulini siku moja au mbili vidonda vikauke, unaweza kuvipaka jivu. Kama mvua bado ziko mbali, vihifadhi kwenye boksi lenye mchanga mkavu au pumba za mbao, mahali penye ubaridi na hewa. Mfuko wa plastiki unaviozesha. Pandikiza mvua zikikaribia, kina cha sentimita 10 hadi 15, na hapa ndipo nitakapogombana na wewe: sentimita 60 hadi 90 kati ya mmea na mmea kwa aina ndefu. Utaona uwazi mkubwa na moyo utakuambia upande kingine katikati. Usipande. Ukiona aibu ya uwazi weka matandazo ya nyasi kavu, au panda kitunguu.

Kijiti cha kushikiza kichomeke siku hiyo hiyo ya kupanda. Ukisubiri mmea urefuke ndipo uchomeke, utatoboa viazi usivyoviona na kuoza kutaanzia hapo. Mwagilia kidogo sana mpaka chipukizi litoke, kiazi kisicho na mizizi hakina cha kunywea. Machipukizi yakitoka acha matatu hadi matano. Yanayozidi yakate yakiwa na urefu wa kidole, mengi yataota mizizi ukiyapanda kivulini kwenye mchanga wenye unyevu, hiyo ni miche ya bure. Mmea ukifikisha jozi tatu au nne za majani kata ncha, utatanuka badala ya kwenda juu kama mlingoti.

Mbolea ni mboji au samadi iliyooza vizuri. Acheni kumwaga urea kwenye maua. Najua inapendeza, wiki mbili tu majani yanakuwa meusi kwa ukijani. Majani hayo laini ndiyo chakula anachokipenda ubwiri unga, na nguvu yote imekwenda kwenye majani, maua utayasikia kwa jirani. Maji yaelekeze kwenye udongo, asubuhi, mengi mara moja au mbili kwa wiki kuliko vijiko viwili kila jioni. Nimeshasema maji ya majani hayaleti ubwiri unga, lakini kumwagilia jioni kunaongeza unyevu wa hewa ndani ya kichaka usiku kucha, na kunaozesha maua yenyewe. Maua yaliyokwisha yakate. Watu huchanganya na kukata machipukizi ya maua mapya. Lililo duara kama kishikizo cha shati ni ua jipya, lililochongoka kama koni ni lililokwisha.

Na wale wa dawa za jikoni? Jivu, sabuni ya unga, maziwa. Kuhusu maziwa kuna utafiti wa kweli wa Brazil wa mwaka 1999, waliyachanganya na maji wakapiga kwenye aina ya maboga madogo ndani ya nyumba ya kuoteshea, na yalifanya kazi. Sina ugomvi na utafiti huo. Lakini kichaka cha mashina 27 hata ukikiogesha maziwa ya ng'ombe wote wa kijiji, wiki ijayo kitakuwa cheupe tena. Maziwa mpe mtoto.

Kuna wakati dawa ina nafasi. Umeshagawanya, umeacha nafasi, umepunguza machipukizi, lakini unauza maua ya kukata na madoa ya kwanza yameonekana wiki tatu kabla ya harusi uliyoahidi. Hapo salfa ya maji, iliyosajiliwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo na si kwa kizibo cha soda, inasaidia kuzuia, mradi upige mapema. Haifufui jani lililokwisha. Usiipige mchana joto likizidi nyuzi 30, itaunguza majani, wala usiipige karibu na siku ulizopiga dawa yenye mafuta. Vaa glovu, miwani na barakoa. Na kama mboga iko jirani ya ua, hamisha mboga kwanza.

Nimeshatajiwa utetezi wa upande wa pili. Muuzaji wa duka anasema mteja amekuja na pesa, akimwambia nenda kachimbe atakwenda duka la pili. Ni kweli. Lakini kumuomba mteja alete jani ndani ya mfuko haigharimu chochote, na kumwambia "hii si ya ugonjwa huo" ndiyo itamfanya arudi msimu wa nyanya. Afisa ugani mwenzangu anasema ana vijiji vitatu na pikipiki moja yenye tairi bovu, maua si zao la kipaumbele, ajibu vipi zaidi ya jina la dawa? Mimi pia nina vijiji na pikipiki. Basi kama huna muda wa kwenda, jibu "gawanya" badala ya "piga". Ni neno moja kwa neno moja. Nilikuwa najibu "piga" miaka yangu ya kwanza kazini, na kuna bustani katika kata hii ambazo bado zinafuata ushauri wangu ule. Kila nikipita naona bomba limeanikwa ukutani.

Kichaka cha Mwalimu tulikifukua wawili, asubuhi nzima. Katikati kilikuwa kimeoza, kumejaa viazi vyeusi vilivyonyauka. Pembeni tulipata vipande 14 vyenye macho. Alivipanda Oktoba kwa kipimo cha fimbo niliyomkatia, viwili havikuota. Mchicha aliuhamishia nyuma ya jiko. Juni hii nilipopita niliona madoa meupe kwenye majani machache ya chini, nikamuuliza ameyafanya nini. Akaniambia, "Nimeyachuma mwanangu, nimeyatupa motoni." Bomba amempa kijana wa nyanya.